Mipira Iliyo Hai

Ukimfikia ukasema unatafuta mpira wa injini, hakukuuliza ni gari gani. Alikuuliza, "Maiti iko wapi?" Alitaka ule mpira wa zamani, uliokatika au kulainika kwa oili, umwekee mezani jinsi ulivyotoka garini. Vijana wa siku hizi walimletea picha kwenye simu. Aliisukuma simu kando kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mtu anayekataa kuongezewa ugali.

"Picha haina uzito," alisema. "Reta maiti."

Maiti ikifika aliifuta kwa kitambaa, akainusa, kisha akaibonyeza kwa kidole gumba huku macho yake yakitazama barabarani. Kidole ndicho kilichokuwa kikitazama mpira. Halafu aliinuka akaenda kwenye droo moja kati ya droo nyingi zilizofunika ukuta mzima. Hakuna droo iliyoandikwa chochote. Alivuta ile aliyoitaka, akarudi na mkono umefumbwa, akaufungua mbele yako.

Kitale nzima ilimwita Mama wa Mipira. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya pikapu ya marehemu baba, na kwa miaka mingi nilitaka kwake kitu kimoja tu: maunti ya kulia. Maunti ni ule mpira mnene uliobanwa kati ya vyuma viwili, unaobeba injini isigonge bodi. Ziko mbili, ya kulia na ya kushoto. Ya kulia ya pikapu yetu ilikatika nikiwa barabarani kurudi nyumbani Naitiri, injini ikainama upande, feni ikala rejeta. Rejeta niliitengeneza. Maunti haikupatikana, si Eldoret wala Nairobi, kwa kuwa pikapu zile ziliacha kuundwa zamani. Ilikuwako moja tu ninayoijua, ndani ya droo ya Mama, na hiyo hakuiuza.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya msikiti, kati ya fundi cherehani na duka la mbegu za mahindi. Droo zile zilikuwa za Kalasinga mmoja aliyekuwa na duka kubwa la spea mjini. Mama aliingia kwenye duka hilo kufagia. Baada ya kufagia akaambiwa apange bidhaa, na baada ya kupanga akawa anajua kilipo kila kitu kuliko mwenye duka. Familia ile ilipofunga biashara na kuhama, spea za chuma zilipata wanunuzi. Mipira ya magari ya zamani haikupata. Yule mzee wa Kalasinga akamwambia, "Mama, hii takataka chukua." Alikuwa akiniigizia sauti ya mzee huyo na kucheka mpaka machozi. Mara nyingine aliigiza bila kucheka.

Nimepita miji mingi tangu hapo. Ninapokumbuka Kitale sikumbuki mnara wala soko. Nakumbuka harufu ya poda ya watoto.

Ilikuwa hivi. Kila kiangazi kilipoanza, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa na vumbi limeanza kuingia madukani, Mama alifunga mlango nusu na kutoa mipira yote kwenye droo, moja moja. Aliiosha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, akaianika kivulini juu ya magunia, akaipaka poda ya watoto, akairudisha kila mmoja ukiwa umegeuzwa, uliolalia tumbo sasa ulalie mgongo. Alisema mpira ukilala upande mmoja unasahau umbo lake. Kazi hiyo ilichukua siku nne au tano. Wakati huo hakuuza kitu hata ungelia.

Wasichana waliopita kwenda sokoni walimtania. "Mathe, unaogesha mtoto?"

"Naogesha injini," alijibu. "Nyinyi mnaogesha nini, midomo?"

Niliwahi kumsaidia kiangazi kimoja. Nilishika kopo la poda, yeye akashika mipira. Kila alipoibonyeza aliitenga: huu hai, huu hai, huu mgonjwa, huu umekufa. Mpira ulio hai ukiubonyeza unarudi. Mgonjwa unarudi na alama ya kidole. Uliokufa hauna habari na wewe. Iliyokufa aliitia kwenye debe, na watengeneza ndara walikuja kuichukua. Siku ile aliponyanyua ile maunti ya kulia niliyokuwa nikiitamani, aliibonyeza, ikarudi haraka kama shavu la mtoto. Aliniona nikiitazama.

"Toa macho," akasema. "Paka poda."

Hakuwa mpole. Watu humkumbuka vibaya wanaposema alikuwa mpole. Fundi aliyekata maunti kutoka kwenye tairi kuukuu alimwita fundi wa akala, vile viatu vya tairi, mbele ya wateja wake, maana mpira wa tairi ni mgumu, unatikisa gari zima mpaka nati zinafunguka zenyewe. Aliyemdanganya kuhusu gari lake alifukuzwa. Na alikuwa na vitu ambavyo hakuviuza hata kwa jamaa yake mwenyewe.

Muuza nguo mmoja wa pale msikitini, mzee wa heshima mwenye kofia nyeupe, alikuwa na gari dogo la Kiingereza alilolipenda kuliko watu wengi. Alikuja kutafuta mpira mdogo wa breki. Mama aliutazama ule wa zamani na kuurudisha.

"Hakuna ya breki hapa."

"Dada yangu, si mpira ni mpira? Hata ule wa pampu ya maji ulinipa wewe."

"Mpira ya injini ikikufa unasimama," Mama akamwambia. "Ya breki ikikufa husimami."

Mzee alinuna wiki nzima, akawa anapita bila kusalimu. Baadaye akaagiza mpira mpya kabisa kutoka Mombasa kama alivyoambiwa. Idi ilipofika, sahani ya pilau ililetwa kwa Mama imefunikwa kwa kitambaa, na hakuna aliyesema kitu tena juu ya jambo hilo.

Cha ajabu, huyu mama aliyeyaweka magari ya watu barabarani hakupenda kupanda gari. Yalimtapisha. Mjini alitembea kwa miguu, hata kwenye mvua. Kulipokuwa na msiba wa jamaa zake huko Misikhu, tulimpakia mbele ya lori la rafiki yangu, ameshika limau puani, macho amefunga. Tulidhani amelala. Karibu na Webuye akasema, bila kufungua macho, "Bushi ya kushoto nyuma imekufa."

Rafiki yangu akacheka. "Mama, wewe kaa tu. Si uachane na gari yangu."

"Mimi naachana nayo. Yeye ndiyo anakuacha."

Tulipofika Misikhu rafiki yangu alilala chini ya lori akiwa bado na suti ya mazishi, akaitazama ile bushi, mpira wa springi. Alitoka na matope begani, akamuuliza Mama bushi nyingine itapatikana lini.

Tena alikuwa mwongo, na uongo wake ulikuwa na utaratibu. Akiwa na mipira kumi ya aina moja alisema, "Imebaki moja." Hapo alitaka kujua kama una haja ya kweli. Akiwa na mmoja wa mwisho alisema, "Hakuna." Wateja wa zamani tulijua hivyo. Ukiambiwa imebaki moja, unakaa, unaomba maji ya kunywa, unazungumza habari za mvua. Ukiambiwa hakuna, unajua kuna mmoja, na unajua hutaupata.

Ule mmoja aliuita mbegu. Nchi ile ni ya mahindi, na hata mtoto anajua kwamba gunia la mbegu halisagwi, njaa iwe kali vipi. Mama aliipeleka sheria hiyo kwenye droo zake. Mpira wa mwisho wa kila aina haukuuzwa. Ulitolewa kuigwa tu. Kulikuwa na fundi mmoja mzee, nje kidogo ya mji, aliyejua kumimina mpira kwenye kalibu za chuma na kuupika juu ya makaa mpaka ukashikana na vyuma vyake. Mtu akihitaji sana, Mama alikwenda huko mwenyewe na mbegu ndani ya leso, akaketi kwenye kigoda kando ya fundi mchana kutwa, asiiachie mbegu kumtoka machoni, kisha akarudi nayo. Aliyehitaji alipata nakala. Mbegu ililala tena kwenye poda.

Hivyo ndivyo alivyoniambia na mimi. "Subiri. Fundi ako na kifua. Akipona, namperekea."

"Lini, Mama?"

"Akipona."

"Si uniuzie hii? Baba aliendesha pikapu hiyo miaka ishirini. Ilimpeleka hospitali, na ndiyo iliyomrudisha kumzika. Nataka kuisikia ikiwaka tu."

"Nikikuuzia wewe, huyu wa kesho nitamwigia na nini?"

Nilirudi wiki iliyofuata, fundi hajapona. Nikarudi tena. Mara ya nne nilimjibu vibaya. Nilimwambia anakalia vitu vya watu kama kuku anayekalia mawe. Hakukasirika, au hakuonyesha. Aliendelea kufunga nyuzi kwenye kifurushi cha mtu. "Papa," akasema, jinsi kina mama wa kwetu wanavyomwita kijana wao, "wewe unaharaka kama mtu anafukuzwa. Nani anakufukuza?"

Wiki hiyo nilipata kazi ya kuendesha lori hadi Lodwar, nikaenda. Kutoka Lodwar nikaenda Juba, kutoka Juba nikaenda Mombasa, na mji mmoja ulikuwa ukinisukumia mwingine. Kila mahali nililala nikijiambia kwamba mwakani nitarudi Naitiri, nitaweka maunti, nitafungua mlango wa upande wa baba na kuwasha. Pikapu ilikaa chini ya mabati, imeelemea kulia, miaka tisa. Siku moja kwenye foleni ya zahanati huko Lodwar mama mmoja alikuwa akimpaka mtoto wake poda shingoni, na mimi nikageuka kumtafuta Mama wa Mipira kati ya watu wale, kama mjinga.

Mwaka huu ndugu yangu mkubwa, anayekaa kwenye boma letu, alinipigia simu. Alisema mambo yote kwa pumzi moja ili asikatizwe. Watu wa vyuma chakavu wanakuja Jumamosi. Anataka pale mahali ajenge banda la kuku. Gari halisogei, panya wamezaa ndani ya kiti.

"Likisogea?" nikamuuliza.

"Likisogea lenyewe hadi barabarani, ni lako. Mimi si mtu mbaya. Lakini Jumamosi ni Jumamosi."

Nilifika Kitale Jumatano asubuhi. Chumba cha nyuma ya msikiti kilikuwa kinauza kava za simu. Fundi cherehani alikuwapo bado, amekuwa mnene, na ndiye aliyeniambia: Mama alipata sukari, akachukuliwa na bintiye, mwalimu, huko Bungoma. Droo zilivunjwa kuni. Mipira iliyobaki aliondoka nayo kwenye sanduku la bati.

Mchana nilikuwa Bungoma. Binti alinikaribisha uani, akanionyesha kwa kidevu. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya kingine, imefungwa bendeji. Alikuwa amepungua mpaka kiti kilionekana kikubwa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama. Wa pikapu ya Naitiri."

"Maunti ya kulia," akasema mara moja. Sina hakika kama aliwahi kujua jina langu.

Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniuliza nilikokuwa, nikamtajia miji. Akaitikia kila mji kwa kichwa. "Na gari?"

"Imesimama palepale."

"Mtu anatembea, gari imekaa nyumbani," akasema. "Mmebadilishana kazi." Binti yake, aliyekuwa analeta chai, akacheka mpaka akaimwaga kidogo.

Nikamweleza habari ya ndugu yangu na Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Hayakuhitajika. Alimwambia binti alete sanduku. Lilipofunguliwa, harufu ile ilinipanda kichwani. Mipira ilikuwa imejaa, kila aina, myeupe kwa poda.

"Yako iko kwa leso ya maua," akasema. "Chukua. Yule fundi wa kumimina alikufa. Mbegu bila shamba ni ya nini?"

Niliifungua leso. Maunti ya kulia, na vyuma vyake viwili, na bolti zake. Miaka tisa, na ilikuwa mkononi mwangu kabla chai haijapoa.

"Bonyeza kwanza," akasema. "Sukari imenikula macho, na vidole havisikii kitu. Inarudi?"

Nilibonyeza. Kidole changu hakikuzama. Nikabonyeza kwa nguvu, nikaona ufa mwembamba kama unywele ukitembea kutoka ukingo mmoja. Nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu, anasubiri, kama mama anayesubiri kuambiwa mtoto amezaliwa vipi.

"Inarudi, Mama."

"Haraka ama polepole?"

Sikujua lipi lilikuwa jibu zuri. "Polepole," nikasema.

"Weka kwa meza."

Niliiweka juu ya kimeza cha mbao. Ikagonga kama jiwe.

"Papa," akasema, "usidanganye mtu kwa mpira. Kwa mambo mengine danganya."

"Hairudi, Mama. Ni ngumu. Imepasuka pembeni."

Aliipapasa hewa mpaka akaipata, akaiweka mapajani. Vidole vyake vilipita juu yake bila kuisikia. "Siku ile ulikuja ilikuwa hai," akasema. "Niliibonyeza mwenyewe, wewe umeshika poda." Kisha, baada ya muda: "Mbegu ikikaa sana haioti. Mtu nimekaa Kitale maisha yangu yote, najua hiyo. Nikasahau."

Nilitaka kusema ni mimi niliyekataa kusubiri. Nilisema. Hakuonekana kusikia, au hakuona kama ilibadilisha chochote.

"Ya kushoto je?" akauliza.

"Ya kushoto nini?"

"Ya pikapu yako. Ikoje?"

"Ilikuwa nzima. Baba aliibadilisha mwaka mmoja kabla hajafariki."

Akavuta pumzi. Kuna mtu wa Cheptais, akaniambia, mbeba vitunguu, mwenye pikapu kama yetu kabisa. Maunti yake ya kushoto imekatika. Amefunga injini kwa cheni, anashuka nayo mlima hivyo hivyo, na watoto wanne wanakula kwa vitunguu hivyo. Humpigia simu kila wiki. "Namwambia hakuna. Na kweli hakuna."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilielewa kwanza kwa faida yangu. "Ya kulia yake ni nzima," nikasema. "Anaweza kunipa mimi."

"Anaweza. Akikuwa na shida sana, anaweza."

"Basi?"

"Yake inatembea."

"Ni pikapu ya baba yangu, Mama."

"Nimesema ni ya mwingine?" Akairudisha ile maunti iliyokufa ndani ya leso, akashindwa kufunga fundo, binti akamfungia. "Mimi siamui. Yangu niliamua. Ona sasa."

Tulikunywa chai. Aliuliza kama Kitale mvua imenyesha. Nilipoinuka kuaga, bintiye alinifuata mpaka getini na namba ya simu ya mtu wa Cheptais kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Niliikunja nikaitia mfukoni, na nililala Bungoma usiku huo bila kuifungua.

Alhamisi mchana nilimpigia.

Ijumaa alifika Naitiri. Tulimsikia kabla hatujamwona, cheni ikigonga chini ya boneti. Alikuwa mtu mfupi, kijana kuliko nilivyotazamia, amevaa koti la mvua na mikono yake inanuka vitunguu. Ndugu yangu alitoka akasimama mbali, mikono nyuma. Yule mtu wa Cheptais akataka kuingia chini ya pikapu yetu, nikamwambia aache, maunti ya kushoto nitaitoa mwenyewe. Tuliinua injini kwa jeki na gogo. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, zilinichukua karibu saa nzima, na ya mwisho ilipoachia niliteremsha jeki, injini ikalala chini kwa upande wa pili.

Nilimpa. Akaifuta kwa koti lake, akaibonyeza kwa kidole gumba, na ikarudi. Cheko lilimtoka usoni pote kabla hajalizuia. Akalimeza haraka, akatazama pikapu yetu, akanitazama mimi.

"Pole, ndugu," akasema.

"Cheka tu, bana," nikamwambia, nikarudi chini kumtolea na chuma cha kuishikia, maana chake cheni ilikuwa imekikata.